Nchi Inaishia Wapi?

Darasa la tano tulikaririshwa kwamba Tanzania iko kati ya latitudo nyuzi 1 na nyuzi 12 Kusini, longitudo nyuzi 29 na nyuzi 41 Mashariki. Tukaimba, tukapata vema zetu, tukasahau. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba ukitaka kwenda kusimama penye nyuzi 1 unapanda gari gani. Na namba zenyewe zimezungushwa. Kusini tunagota kwenye nyuzi 11 na dakika 45 hivi, mashariki kwenye nyuzi 40 na dakika 26. Dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85, kwa hiyo ile 12 ya kwenye wimbo ina kilomita kama 28 ambazo ziko Msumbiji.

Mimi niko mwaka wa tatu, upimaji ardhi. Sisi ndio wale mnaotuona tumesimama juani na kifaa cha miguu mitatu karibu na kantini, mnapita katikati ya mstari wetu huku mkipiga stori. Mwaka jana, likizo ndefu, nikaamua kuzitafuta ncha za nchi. Nikisema "ncha ya kaskazini" watu wanadhani naenda kwenye barafu, basi nikazoea kusema naenda kutafuta mahali ambapo ukipiga hatua moja zaidi kwenda kaskazini, au mashariki, Tanzania imekwisha. Jamaa wa chumbani kwangu aliuliza swali moja tu: "Kuna credits?" Hakuna. Kuna vumbi.

Kabla ya kufunga begi nilikaa na ramani usiku kucha, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijawahi kulisikia darasani. Ncha zote nne za Tanzania ziko majini. Ya magharibi iko katikati ya Ziwa Tanganyika, kwenye mstari tunaopakana na Kongo. Huwezi kuisimamia, utaelea juu yake. Ya kusini iko kwenye Mto Ruvuma, pale mto unaposhuka chini kabisa kabla ya kuanza kupanda tena kuelekea baharini. Ya mashariki ni mchanga na bahari. Na ya kaskazini, ambayo wengi wetu tungeapa iko Mutukula kwenye geti la forodha, kumbe iko kwenye kona ya Mto Kagera. Hakuna hata ncha moja yenye jiwe. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba mpaka ni bikoni, hii ilinikaa vibaya kidogo.

Nilianza na mashariki kwa sababu nilikuwa na pa kulala Mtwara mjini. Kutoka pale unakwenda mpaka Madimba, ambako ndiko kwenye mitambo ya kusafishia gesi, halafu unatafuta bodaboda wa kukupeleka Msimbati. Barabara ni mchanga. Dereva wangu alikuwa akizima pikipiki kwenye mteremko ili kubana mafuta, na kila akizima naisikia bahari. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa 1982, na tangu 2015 inasafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam. Nadhani si vibaya kukumbuka, ukiwa umechomeka simu yako bwenini, kwamba sehemu ya umeme huo inaanzia karibu kabisa na pale nchi inapoishia, na kwamba 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani wakiuliza wao wanabaki na nini. Dereva wangu alikuwa na jibu lake kuhusu hilo. Halichapishiki.

Msimbati ni pazuri kupita kiasi. Pana hata kisa cha mzungu mmoja mstaafu ambaye, siku za mwisho za mkoloni, aliamua kwamba kipande kile cha pwani ni nchi yake na yeye ni sultani wake, na bendera akapandisha. Ukikaa pale jioni unamwelewa kidogo.

Kazi yangu ilikuwa ndogo kwa maelezo: tembea ufukweni kutoka Ruvula kuelekea mdomo wa Ruvuma, soma longitudo, tafuta namba iliyo kubwa kuliko zote. Tatizo ni kwamba ufukwe hausimami. Niliwahi siku za bamvua kwa makusudi, wakati maji yanakupwa sana na kujaa sana. Saa nne asubuhi bahari imekimbia, kina mama wako mbali huko wameinama wanaokota chaza na kutafuta pweza, na mimi nawafuata na simu mkononi. Nikafika ukingo wa maji nikasoma. Saa kumi jioni nikarudi mahali palepale, ukingo umerudi nyuma mita 140 kwa hatua zangu. Sekunde moja ya longitudo kule ni kama mita 30. Maana yake ni kwamba kati ya asubuhi na jioni Tanzania ilipungua upana kwa sekunde nne na ushee, na hakuna aliyeandamana.

Sasa, ipi ndiyo nchi? Wanasheria wamelijibu hili. Mataifa yenye pwani hupima bahari yao kuanzia mstari wa maji yaliyokupwa, si yaliyojaa, na sheria yetu ya bahari ya 1989 inahesabu kutoka huko maili 12 za bahari ya taifa. Kwa hiyo wale kina mama wa pweza ndio walikuwa wamesimama kwenye ncha ya mashariki, mimi nilikuwa nyuma yao. Lakini hata hapo usiweke nukta yako kwa kalamu ya wino. Mdomo wa Ruvuma unamwaga mchanga, bahari inaupangua na kuupanga upya, rasi inanenepa huku inakonda kule. Msomaji akienda mwakani na simu nzuri kuliko yangu, huenda akapata sehemu nyingine inayoshinda kwa mita kumi. Nitamwamini.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa anashona wavu chini ya mvinje, aliniita. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, unatafuta nini tangu jana? Nikamweleza. Akacheka mpaka akaweka sindano chini. "Mwisho wa nchi?" Akanyoosha kidole kusini, ng'ambo ya mdomo wa mto. "Shangazi yangu yuko Kionga kule. Babu yake babu yangu alizikwa Kionga. Wakati wa Mjerumani hii ilikuwa nchi moja."

Na ni kweli. Wajerumani walikuwa na kipande kusini ya Ruvuma, Pembetatu ya Kionga, mpaka wao ukiwa karibu na rasi ya Delgado. Wareno wakakichukua 1916 vita vikiendelea, na baada ya vita wakaachiwa rasmi. Pwani ya kule inazidi kujitokeza mashariki kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo ncha yetu ya mashariki ilisogezwa kwa kalamu Ulaya, na shangazi akabaki upande wa pili pamoja na makaburi. Zamani walikuwa wanavuka tu. Tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze 2017, mzee anasema, kuvuka si mchezo tena. Aliniuliza kama kile kisimu changu kinaweza kuonyesha kaburi. Nikamwambia kinaweza kuonyesha mahali, kama mtu ataniambia ni wapi. Akarudi kwenye wavu wake.

Kaskazini ni habari nyingine, kwa sababu kaskazini ni kwetu.

Mama yangu ni mtu wa Missenyi, ng'ambo ya Mto Kagera. Ukitoka Bukoba unafika Kyaka, unavuka daraja, na kuanzia hapo mpaka Mutukula ni karibu kilomita 30 za ardhi ambayo ni Tanzania kwa sababu moja tu: mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana kwa mstari wa nyuzi 1 Kusini. Hawakuangalia mto wala lugha ya watu. Kati ya 1902 na 1904 wapimaji wao wakaja kuutafuta mstari huo kwa nyota, wakasimamisha nguzo. Mimi nawaheshimu wale wapimaji kama mafundi, sitawaficha hilo. Kupata latitudo kwa kutazama nyota usiku, kwenye mbu na mafunjo, ni kazi. Wanaume wa kwetu waliowabebea mizigo hawamo kwenye majina ya mtu yeyote.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia, na tarehe 1 Novemba redio yao ikatangaza kwamba ardhi yote mpaka Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Hoja ilikuwa rahisi kueleweka: mto ndio mpaka wa kweli, ule mstari ni wa wazungu. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Bibi yangu alikuwa ameshavuka kwa mtumbwi siku mbili kabla, na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni. Mtoto huyo ndiye mama yangu. Waliporudi mwaka uliofuata nyumba ilikuwa majivu, ng'ombe hawapo, migomba imeota magugu mpaka kifuani. Hotuba ya Mwalimu ya sababu, uwezo na nia sisi wengine tunaijua kwenye simu. Bibi alikuwa anaisikiliza kwenye redio ya watu, kwenye kambi, hana hata sufuria.

Basi nilipofika nikamwambia Bibi nimekuja kutafuta sehemu ya kaskazini kabisa ya nchi, aliniangalia kama mtu aliyekuja kumuuliza jino linaumaje.

Kwanza niwaambie mlipo ukweli kuhusu Mutukula. Mstari wa nguzo unaopita pale unafuata nyuzi 1, na unakwenda magharibi mpaka unakutana na Mto Kagera. Kutoka hapo kuelekea Rwanda, mpaka ni mto wenyewe, na kuna mahali mto unapanda kidogo juu ya nyuzi 1 kabla ya kurudi. Hapo ndipo kaskazini yetu. Tofauti na Mutukula si kubwa, ni kama kilomita moja tu, lakini ncha ni ncha. Mtu akikushinda kwa pointi moja amekushinda.

Tulikwenda na binamu yangu kwa pikipiki, kwenye nchi ya ng'ombe huko magharibi. Barua yangu ya utambulisho kutoka chuoni niliipeleka kwanza kwa mtendaji wa kijiji, na ninawashauri mtakaokwenda fildi karibu na mpaka wowote mfanye hivyo kabla ya kuwasha simu. Mgeni anayezunguka mpakani akisoma namba kwa sauti anafanana na vitu vingi, na upimaji ni cha mwisho kwenye orodha. Mtendaji alitupa kijana mchungaji atuongoze. Alitembea mbele akipiga majani kwa fimbo kwa ajili ya nyoka, akatuonya kuhusu viboko, kisha tukafika kwenye mafunjo na safari ikaisha. Mto ulikuwa unasikika lakini hauonekani. Kwenye ramani nilikuwa na mita kama 60 kufika ukingoni, na mpaka wenyewe uko ndani zaidi, kwenye mkondo. Simu ikasoma nyuzi 0, dakika 59 na kitu, Kusini. Niliiacha dakika kumi ikusanye wastani, nikaandika kwenye daftari, na mchungaji akauliza kama tumemaliza kwa sababu ng'ombe wanataka maji.

Hiyo ndiyo ncha ya kaskazini. Hakuna kitu pale. Nilifurahi sana, siwezi kueleza kwa nini.

Jambo lililonifanya niandike makala hii halikutokea pale bali jioni yake, nyumbani. Vijana wa kijijini, watu wa rika langu, walisikia kwamba kuna mpimaji amekuja, wakaja na mashtaka. Mmoja wao alikuwa amepata kwenye simu picha ya ramani ya zamani ya serikali, zile za 1:50,000, zenye nguzo za mpaka. Akasoma namba za nguzo moja iliyo karibu na mashamba yao, akaziingiza kwenye simu, simu ikampeleka. Ikampeleka mita 300 kaskazini ya nguzo, ndani ya shamba la mahindi la mtu wa Uganda. Hitimisho lake: nguzo imehamishwa. Mita mia tatu zimeliwa, labda wakati wa vita, labda juzi. Na walikuwa wamepanga kulisimamisha suala hilo kwenye mkutano wa kijiji, na baadhi yao, waliokuwa wamepitia kilabuni kwanza, walipanga kulisimamisha bila mkutano.

Hapa nitaomba mnivumilie aya moja ya darasani. Latitudo na longitudo haziko zimechorwa ardhini. Ni namba zinazohesabiwa kutoka kwenye umbo la dunia ambalo wapimaji wamekubaliana kulitumia, na wamewahi kukubaliana maumbo zaidi ya moja. Ramani zetu za zamani zimetumia mfumo unaoitwa Arc 1960. Simu yako inatumia WGS84. Mifumo hii miwili haina kitovu kimoja, imepishana kwa mita mia kadhaa, na kwetu upishano mkubwa uko kwenye kaskazini na kusini: mita kama 300. Ukichukua namba ya ramani ile ukaiweka kwenye simu bila kuibadilisha, simu itakupeleka mita 300 kaskazini na kama 80 magharibi. Kila mara. Hata bwenini, hata kanisani. Nguzo haijaenda popote.

Kuwaambia haikutosha. Kijana mwenye ramani alisema, kwa adabu, kwamba hata mimi naweza kuwa nimetumwa. Basi asubuhi tukatoka wote, kama kumi na wawili hivi, na wazee wawili. Nikamwacha yeye mwenyewe asome namba kwenye ramani yake, yeye mwenyewe aingize kwenye programu ya kubadilisha mfumo, yeye mwenyewe ashike simu yake. Ikatufikisha mita kama 30 kutoka kwenye nguzo, ambalo kwa kusoma kwa jicho kwenye ramani ya picha ni jambo la kawaida. Halafu nikamwomba afanye vilevile na daraja la Kyaka, ambalo hakuna aliyelihamisha: kwa namba za ramani likaangukia porini, mita 300 upande wa kaskazini, na kwa namba zilizobadilishwa likarudi kwenye maji yake. Daraja ndilo lililowaingia. Nguzo mtu anaweza kuibeba usiku. Daraja hata Amin hakulibeba, alililipua.

Mwenye shamba la mahindi alikuwa amekuja kusimama upande wake kutuangalia. Ilionekana mmoja wa wale wazee amemwoa dada yake. Walisalimiana kwa kirefu, kwa Kihaya chetu na Kiganda chake vikiwa vimekaribiana mpaka sikujua kipi kinaishia wapi, wakaulizana habari za kahawa.

Mimi nina msimamo kuhusu hili na nitausema. Tunafundishwa upimaji kama ufundi wa kupata namba sahihi. Lakini kanuni tunayoisoma na kuipita haraka, kwamba jiwe lililosimama linaishinda namba iliyoandikwa, ndiyo inayozuia watu kukatana mapanga. Marais wa Afrika walipokubaliana Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka tuliyoikuta kwenye uhuru ibaki, hawakuwa wanaipenda. Walijua tu kwamba tukianza kuuliza upi ni mpaka wa kweli, wa mto au wa nyota au wa shangazi, hatutamaliza, na wa kwanza kulala kambini ni watu kama Bibi. Sasa kila mtu ana GPS mfukoni na hakuna anayemwambia kwamba ina umbo lake la dunia. Vyuo vinavyofundisha wapimaji vingeweza kutuma wanafunzi wawili wawili kwenye vijiji vya mpakani kila likizo, na gharama yake ni nauli.

Jioni nikamsimulia Bibi yote, mita 300, vijana, daraja. Alikuwa anamenya ndizi. "Mita mia tatu?" akasema. "Mwaka ule walichukua kutoka Mutukula mpaka Kyaka, na hakuna aliyekuwa na simu." Akamenya nyingine. Kisha akaniuliza nyumba yake yeye ina namba gani.

Nikatoka nikasimama uani, nikasoma, nikarudi. Akanipa kaa la moto lililozimika niandike nyuma ya mlango, kwa ndani, ambako mvua haifiki. Niliandika na mfumo uliotumika, maana nisingeweza kulala. Akaniambia niweke na tarehe.

Zimebaki mbili. Ya magharibi inahitaji boti na mtu anayemjua mtu Kigoma. Ya kusini, Tunduru, nakwenda baada ya UE, bumu likiwahi. Tumeshapatikana watatu na tuna hema mbili. Anayetaka kuja aje na buti, na asiulize kuhusu credits.